Nyumba ya watu wote: siku sita za treni na baa kongwe za Uingereza

Kwa miaka 31 nilishuka basi saa mbili kasorobo usiku mbele ya baa moja ya kona hapa Reading, hatua chache kutoka hospitali niliyofanya kazi ya ukunga. Dirisha lake lilikuwa la vioo vya rangi na mwanga wa ndani ulikuwa wa manjano. Niliona vivuli vya watu, nikasikia kicheko, nikavuka barabara kuingia zamu. Asubuhi nikitoka, mlango umefungwa na mapipa matupu yamepangwa ukutani. Nikajiahidi kwamba siku nikistaafu nitaingia, nitaketi, nitaagiza. Nilistaafu Agosti. Oktoba baa ikafungwa, na leo madirisha yake yamepigwa mbao.

Jambo hilo liliniuma sana, na sababu ninaijua. Mimi ni mtoto wa muuza mbege, pombe ya ndizi. Kule Kibosho, mama alichemsha ndizi mbivu, akaziacha siku kadhaa zichachuke, akazichuja, akachanganya na uji wa kimea cha ulezi na kutia msesewa ili mbege ipate uchungu wake. Siku ikiwa tayari, jani la mgomba lilichomekwa langoni, na ikifika alasiri mabenchi ya uani kwetu yamejaa. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye zile kata za kunywea mbege. Nimeishi Uingereza karibu nusu ya maisha yangu, na sikuwahi kuketi katika nyumba inayofanya kazi aliyoifanya mama.

Basi mwezi Mei tuliondoka wawili, mimi na mwenzangu wa Mombasa, muuguzi mstaafu tuliyefanya naye kazi hospitali moja miaka mingi. Yeye hanywi pombe, dini yake haimruhusu, na hilo halikumzuia hata kidogo. "Mie nitakunywa chai, nitazame watu," aliniambia. "Kwani barazani kwetu tulikuwa tukifanya nini?"

Kadi ya treni ya wazee hupunguza theluthi moja ya nauli kuanzia miaka 60. Ya basi ni bure England nzima ukifika umri wa pensheni, ila siku za kazi usipande kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Tukapanga mji mmoja kwa siku, na katika kila mji baa moja ya kukaa sana. Kwangu nusu painti, yaani mililita 284, na zisizidi mbili kwa siku.

Siku ya kwanza, Jumatatu: Southwark, London

Tumeanzia The George Inn, karibu na kituo cha London Bridge, kwa kuwa mwenzangu alitaka nyumba yenye baraza. Na kweli inazo: veranda za mbao za ghorofani, moja juu ya nyingine, zinazotazama ua ambao zamani magari ya farasi yaliingia na abiria wakapanda kulala juu. Nyumba ilijengwa upya 1677, baada ya moto ulioteketeza sehemu kubwa ya Southwark mwaka mmoja kabla, na ndiyo ya mwisho ya aina yake iliyosalia London. Tunachokiona ni upande mmoja tu. Pande nyingine zilibomolewa na watu wa reli katika karne ya 19. Uliobaki umekuwa mikononi mwa shirika la urithi la National Trust tangu 1937.

Katika baa ya Kiingereza hakuna anayekufuata mezani. Unakwenda kaunta, unasema unachotaka, unalipa palepale. Foleni huioni kwa macho, lakini kila mtu anajua nani alimtangulia, na ukitaka kumruka mwenzako mhudumu atakwambia kwa upole, "Huyu kwanza." Wanaokunywa pamoja hununua raundi kwa zamu, na hilo mtu wa Moshi hahitaji kufundishwa. Mwenzangu aliagiza chai. Akapewa birika lake na maziwa pembeni, na hakuna aliyemshangaa.

Neno "pub" limekatwa kutoka "public house", nyumba ya watu wote. Mwanzo wake ni sebule ya mtu aliyepika pombe kwake akawafungulia majirani mlango. Nimekaa na maana hiyo jioni nzima.

Siku ya pili, Jumanne: St Albans

Dakika ishirini na kidogo kwa treni kutoka London. Huu ulikuwa mji wa Warumi, wakati huo ukiitwa Verulamium, na jina la sasa ni la Mtakatifu Alban, anayeheshimiwa kama shahidi wa kwanza wa Ukristo katika Uingereza. Tulipita kanisa lake kuu, tukateremka hadi mtoni, na hapo ndipo ilipo Ye Olde Fighting Cocks.

Jengo lina pembe nane, kwa sababu lilianza kama nyumba ya njiwa wa abasia, makao ya watawa. Baadaye ndani yake watu walipiganisha majogoo, mchezo uliopigwa marufuku karne ya 19, na jina likabaki. Kwa miaka mingi ilitajwa kuwa baa kongwe kuliko zote England. Wanaotaka heshima hiyo ni wengi, na kitabu cha rekodi cha Guinness kiliamua mwaka 2000 kuifuta kabisa rekodi hiyo.

Kilichonipeleka St Albans hasa ni makao makuu ya CAMRA, chama cha kutetea bia ya asili. Wanaume wanne wa Kiingereza walikianzisha 1971 wakiwa likizoni Ireland, kwa hasira. Viwanda vikubwa vilikuwa vimeanza kuleta bia iliyochujwa, ikapashwa moto kuua hamira, ikasukumwa na gesi. Wao walitaka bia hai, inayoendelea kuchachuka ndani ya pipa, chini ya ardhi, hapohapo inapouzwa, kisha ikavutwa juu kwa pampu ya mkono. Bia hiyo huhifadhiwa nyuzi 11 hadi 13, na pipa likishafunguliwa lazima liishe ndani ya siku chache. Wageni husema Waingereza wanakunywa bia ya moto. Si ya moto. Ina ubaridi wa mtungi.

Mama angewaelewa wale wanne bila mkalimani. Mbege ya jana si ya leo, na ya kesho haitanyweka. Kinywaji cha namna hiyo kinamtaka mtu anayekiangalia kila siku, na baa isiyo na mtu wa hivyo mlevi wa kwanza tu ataigundua.

Mlangoni mwenzangu aliuliza kwa nini kila baa ina ubao wenye picha. Jibu ni kwamba mwaka 1393 Mfalme Richard II aliwaamuru wauza pombe wa London watundike alama nje, ili wakaguzi wa pombe wajue pa kuingia. Wengi wa wateja hawakujua kusoma, kwa hiyo ikawa picha: simba mwekundu, kengele, paa mweupe ambaye alikuwa nembo ya mfalme mwenyewe. Kabla ya hapo ilitosha mti uliofungwa kichaka cha majani juu yake. Nilimweleza kuhusu jani letu la mgomba. "Basi ni yaleyale," akasema, akafunga mtandio tukaondoka.

Siku ya tatu, Jumatano: Cambridge

Mvua tangu asubuhi. The Eagle iko Bene't Street, na ilijaa wanafunzi na watalii mpaka tukaketi meza moja na wageni wanne. Hapa ndipo Francis Crick aliingia tarehe 28 Februari 1953, wakati wa chakula cha mchana, akatangaza kwamba yeye na James Watson wamegundua siri ya uhai, yaani umbo la DNA. Wote wawili walikuwa wakila hapa karibu kila siku, maabara yao ikiwa kichochoro cha jirani.

Niliinua glasi kwa ajili ya Rosalind Franklin. Picha ya eksirei iliyowafungua macho ilitoka katika kazi yake, London. Alifariki 1958 akiwa na miaka 37, na tuzo ya Nobel ya 1962 ikaenda kwa wanaume watatu.

Chumba cha nyuma kina dari lililojaa majina. Marubani wa Waingereza na Wamarekani wa Vita Kuu ya Pili waliyaandika kwa moto wa viberiti vya petroli na mishumaa, mengine kwa rangi ya midomo, usiku kabla ya kwenda kurusha ndege. Mwenzangu alisimama chini yake shingo imepinda muda mrefu, akasoma Fatiha kimyakimya. Chai yake ilipoa na hakuiomba nyingine.

Siku ya nne, Alhamisi: Nottingham

Treni ndogo hadi Ely, kisha moja kwa moja hadi Nottingham kupitia Peterborough na Grantham. Nchi ya Ely ni tambarare kama meza, na kanisa lake kuu linaonekana kwa mbali kama meli iliyotia nanga shambani. Tulikula chapati zetu tukitazama.

Nottingham wanamwita kila mtu bata. Mwenye duka, kondakta wa tramu, msichana wa kaunta, wote husema "me duck", bata wangu, kwa upendo ule ambao sisi tungesema mama au dada. Mwenzangu aliganda mara ya kwanza. "Ati bata?" Jioni alikuwa akiitikia.

Mji huu umekaa juu ya mwamba wa mchanga, laini kiasi cha kuchongwa kwa zana za mkono, na chini yake kuna mapango zaidi ya 800 yaliyochongwa na watu. Baa tatu hapa zinagombea ukongwe. Ye Olde Salutation inajiandikia 1240, The Bell inajiandikia 1437, na Ye Olde Trip to Jerusalem imepaka ukutani 1189, mwaka ambao Richard Moyo wa Simba alitawazwa. Jengo lenyewe la Trip ni la karne ya 17, kwa hiyo mwaka huo uchukuliwe kama dai lao. Mwamba wa nyuma ni wa kale kweli, na watu wa ngome iliyo juu yake walipika na kuhifadhi pombe mapangoni kwa sababu joto halibadiliki kiangazi wala baridi.

Ukiingia Trip unaingia ndani ya jiwe. Ukuta wa nyuma wa chumba ni mwamba wenyewe, una unyevu, na ukiugusa mchanga unabaki kidoleni. Ghorofani kuna jahazi dogo la mfano lililofunikwa na vumbi zito kama manyoya. Husimuliwa kwamba kila aliyelisafisha alifariki muda si mrefu, kwa hiyo haliguswi, limewekwa ndani ya kioo na vumbi lake. Mimi niliyefanya kazi maisha yangu yote katika wodi zinazopigwa deki mara tatu kwa siku, nililitazama na mikono ikaniwasha.

Kuna na mchezo. Pete ya chuma imening'inizwa kwa kamba kutoka darini, na ukutani kuna pembe ya fahali. Unaiachia pete izunguke hewani ili irudi ikanase pembe. Mzee mmoja mchimba makaa mstaafu alitufundisha: usiisukume, iachie tu, izunguke kwa uzito wake. Mimi nilijaribu mara kumi na tano. Mwenzangu mara ya tatu akanasa, na chumba kizima kikapiga makofi. Mzee akataka kumnunulia kinywaji. Alipomwambia hanywi pombe, akamletea soda ya tangawizi yenye barafu na ndimu, akasema hiyo nayo inahesabiwa raundi. Nami nikamnunulia yake.

Tukaongea. Mgodi mkubwa wa mwisho wa makaa wa mkoa huu, Thoresby, ulifungwa 2015. Alisema mgodi ukifungwa, baa ya kijiji huufuata, kisha duka, kisha basi. Mke wake alimtangulia miaka minne iliyopita, na Alhamisi ndiyo siku yake ya kuja mjini. Hakulalamika. Alisema tu kwamba hapa kuna watu wanaojua jina lake, na asipoonekana wiki mbili mmoja wao hupiga simu. Nimeandika ripoti nyingi za wagonjwa waliookotwa nyumbani siku ya tatu au ya nne baada ya kuanguka. Nilimshika mkono tulipoagana.

Kitu kimoja kilinisumbua njiani kurudi hotelini. Katika vyumba vyote nilivyopita, picha za ukutani ni za wanaume: wapika bia, wenye baa, wateja. Ilhali katika England ya zamani kupika pombe kulikuwa hasa kazi ya wanawake. Walipika jikoni, ya nyumbani ikatosha, iliyozidi wakauza, na neno "brewster" kwa asili ni mpikaji wa kike. Zilipokuja hopsi, maua machungu ya kutilia bia, kutoka ng'ambo ya bahari, bia ikaweza kukaa muda mrefu na kusafirishwa mbali, wakaja wenye mitaji, vyombo vikubwa na vyama vya ufundi, na wanawake wakasukumwa nje ya kazi yao wenyewe. Ilifika mahali kwamba hadi 1982 baa moja maarufu ya mvinyo ya Fleet Street, London, ilikuwa haimhudumii mwanamke aliyesimama kaunta, mpaka Mahakama ya Rufaa ilipoamua kuwa ni kinyume cha sheria. Mwaka 1982! Mama wakati huo alikuwa amekwisha somesha watoto wanne kwa mbege.

Siku ya tano, Ijumaa: Burton upon Trent

Watu wanaopanga likizo hawaiweki Burton kwenye orodha. Mji wa matofali mekundu, barabara pana, matangi ya chuma yanayong'aa nyuma ya paa. Kwangu hii ndiyo siku niliyoisubiri. Ukishuka treni unaipata harufu mara moja, ya kimea kilichochemshwa, tamu na nzito, na nilisimama jukwaani nikashindwa kusogea. Hiyo ni harufu ya jiko la mama siku ya kukoroga ulezi. Mwenzangu alichukua begi langu bila kuuliza kitu.

Siri ya Burton ni maji. Visima vyake vinapita katika tabaka za jasi, jasi kama ile inayochimbwa Makanya, Wilaya ya Same, unayoipita ukitoka Moshi kwenda Dar es Salaam. Maji hayo yanaifanya bia iwe kavu, angavu, na uchungu wa hopsi ukae wima mdomoni. Katika miaka ya 1820 wapikaji wa hapa walianza kutengeneza bia ya rangi hafifu na chungu ya kupelekwa India kwa meli, na ikashinda ya London, kwa sababu London haikuwa na maji haya. Mpaka leo wapika bia wa nchi nyingine hutia jasi katika maji yao ili wapate Burton yao, na kitendo hicho kimepewa jina la mji.

William Bass alifungua kiwanda chake hapa 1777. Pembetatu nyekundu ya Bass ndiyo alama ya biashara ya kwanza kusajiliwa Uingereza, 1876. Bia ilitoka kwa treni nyingi kiasi kwamba kituo cha St Pancras kule London, kilichofunguliwa 1868, kilijengewa ghala la chini lenye nguzo zilizopimwa umbali wake kwa mapipa ya Burton. Jumatano tulikatiza humohumo tukibadilisha treni kwenda Cambridge. Nguzo zipo, na sasa chini yake abiria wanapanga foleni ya treni za Paris.

The Coopers Tavern iko barabara ndogo isiyo mbali na kituo. Zamani ilikuwa ya watu wa Bass. Unapita chumba cha mbele chenye meko, unafika chumba cha nyuma, na hapo hakuna kaunta. Kuna mapipa yamelazwa juu ya jukwaa, na mhudumu anafungua koki, bia inatiririka kwenye glasi mbele ya macho yako. Nusu painti yangu ilikuja na harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, ambayo ndiyo alama ya maji ya jasi, na ikapotea kabla sijameza. Kisha uchungu, uleule wa msesewa, unaoanzia nyuma ya ulimi. Nilifunga macho.

"Mgema akisifiwa," mwenzangu akaanza, aliponisikia nikimsifu mhudumu kwa mara ya tatu. Nikamwonyesha glasi. Ina alama iliyochongwa kwenye kioo inayothibitisha kipimo, kwa mujibu wa sheria, na bia hulipiwa kwa kipimo hicho. Akaigeuzageuza kwenye mwanga, akaridhika.

Meza ya jirani walikaa wanaume wawili waliofanya kazi katika viwanda vya bia maisha yao yote, wakatueleza mtambo wa hapa, mapipa ya mbao mengi yaliyounganishwa kwa mabomba ili povu la hamira lipande, limwagike kwenye mfereji na bia irudi chini ikiwa safi. Mtambo wa mwisho uliokuwa ukitumika Burton ulisimamishwa 2024. Seti moja imechukuliwa na kiwanda kidogo cha Thornbridge, mkoa wa jirani wa Derbyshire, na huko inafanya kazi. Mmoja wao alisimulia haya akichora na kidole juu ya meza kwa maji yaliyomwagika, pipa kwa pipa, na mwenzake akirekebisha.

Nikawauliza bia hii hai inang'arishwaje bila kuchujwa. Wakasema kwa kibofu cha samaki. Kibofu kikavu huyeyushwa, kikatiwa kwenye pipa, kikashuka na chembe zote hadi chini. Mimi nilisomea uuguzi Mwanza, na mabondo ya sangara, yaani vibofu hivyo, nayajua. Yanakaushwa na kuuzwa ng'ambo, mengi yanakwenda Mashariki ya Mbali kuwa supu, na mengine yamekuwa yakiletwa Uingereza kusafishia bia. Kwa hiyo miaka ile nikinunua samaki mwaloni, sehemu ya tumbo lake ilikuwa na safari ya kuja huku kabla yangu. Mwenzangu akauliza swali la maana zaidi: samaki wa kukaanga wa baa, unga wake una bia? Mara nyingi unayo, wakasema, lazima uulize. Akauliza, akala mayai na chipsi.

Halafu kuna povu lile la hamira. Mwaka 1902 lilianza kutumika hapahapa Burton kutengenezea Marmite, uji mweusi wa chumvi ambao Waingereza hupaka kwenye mkate. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari wa Kiingereza, Lucy Wills, alikuwa Bombay akihangaika na wajawazito wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliokuwa wakifa kwa upungufu wa damu. Akawapa Marmite, na damu ikarudi. Kilichokuwa ndani ya hamira baadaye kilitambuliwa kuwa foleti, vitamini ambayo ya vidonge huitwa asidi ya foliki. Kila mama niliyemhudumia kwa miaka 31 nilimwambia ameze asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, tangu kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Maelfu ya wanawake. Na mwanzo wa ushauri huo ni takataka ya pipa la bia la mji huu. Nililijua jina la Lucy Wills tangu chuoni. Kukaa pale kiwanda kilipo, glasi mkononi, nilihisi kama nimefika kwa mtu niliyekuwa nikimtumia salamu muda mrefu.

Siku ya sita, Jumamosi: York

Treni kupitia Derby, jua kali, mji umejaa. Barabara ya Stonegate ina ubao wa baa uliovuka njia kutoka nyumba hadi nyumba, juu ya vichwa vya watu. Ni wa Ye Olde Starre Inne na umekuwapo tangu 1733. Leseni yao ni ya 1644, mwaka wa vita vya Marston Moor, na inasemwa majeruhi waliletwa kutoka uwanja wa vita wakalazwa chini ya nyumba hii. Mwenzangu aliyetumikia wodi ya upasuaji alitaka kuona wapi. Hapakuwa wazi kwa wageni. "Hapana hewa huko," akasema. "Maskini, wangekufa wengi." Akanyamaza, na nilijua anawahesabia vitanda.

Jioni tulikwenda The Blue Bell, mtaa wa Fossgate. Ni nyumba nyembamba yenye vyumba viwili vidogo, ushoroba kando yake, na kidirisha cha kuhudumia. Ndani pamebaki kama palivyotengenezwa 1903: mbao za rangi ya mvinyo, vioo vilivyochorwa, mabenchi yaliyoshikana na ukuta. Vidirisha na vyumba vya namna hii zamani vilimfaa mtu asiyetaka kuonekana kaunta, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke. Alipokea glasi yake kimya, akanywa akiwa amejificha.

Tulikaa mbele. Hakukuwa na nafasi, ila mabibi wawili walisogea bila kuacha mazungumzo yao, tukabanana wanne kwenye benchi la watu watatu, mpaka tukajikuta ndani ya mazungumzo hayo, kuhusu mjukuu anayehamia Leeds na mpenzi wake asiyefaa. Mwenzangu alitoa ushauri wa Kimombasa, mrefu, nikautafsiri. Walikubaliana naye kwa kila neno. Bia yangu ya pili niliiacha ikae.

Mama alikuwa na sharti moja. Aliyekunywa airudishe kata yake mwenyewe, mkononi mwa mama, asiiache benchini wala asimtume mtoto. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kwa ajili ya usafi. Alikuwa akiwatazama machoni. Aliyefaa kwenda nyumbani alimwambia kwaheri, asiyefaa alimkalisha chini, akampa togwa na ndizi za kuchoma mpaka miguu imrudie.

Saa tatu usiku nilikusanya glasi yangu na kikombe cha mwenzangu, nikapenya kati ya watu hadi kaunta. Mwenye baa, mwanamke wa makamo mwenye mikono minene ya kazi, alivipokea, akanitazama, kisha akamtazama mwenzangu aliyekuwa akifunga mtandio mlangoni.

"Mnalala mbali, love?"

"Dakika kumi kwa miguu."

"Nyote wawili mko sawa?"

"Tuko sawa."

"Haya. Angalieni ngazi hapo nje, ni ya chini kuliko mnavyodhani."